Kilo 60 za mbuta zilizonifunza kazi ya chumvi

Mwenye nyumba aligonga mlango siku ya nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kitambaa kikiwa puani. "Mama, kuna kitu kimekufa humu?" Nyuma yake walikuwa wamesimama wapangaji wawili, mmoja na mswaki mdomoni. Sikuwa na la kumjibu. Uani, juu ya karatasi ya nailoni, walilala mbuta wangu, wale samaki wakubwa wa Ziwa Victoria waitwao pia sangara, kilo 60 nilizonunua ufuo wa Dunga kwa pesa za chama chetu cha kuchangiana, na uvundo wao ulikuwa umefika ploti ya tatu.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuingia biashara ya samaki wa chumvi kwa kuambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, "ni kupaka chumvi tu, halafu unaanika." Hiyo "tu" ilinigharimu shilingi 19,100 kwa wiki moja.

Nilikuwa nimeuza katika duka la jumla hapa Kisumu miaka sita. Duka likapunguza watu, nami nikapunguzwa. Wenzangu wa chama wakanihurumia, wakanipa zamu yangu mapema: 41,000. Binamu yangu wa Busia akaniunganisha na mnunuzi anayekusanya mbuta wa chumvi wa kuvuka mpaka kwenda Uganda, wengine wakiendelea mpaka Kongo. Mimi ni mtoto wa ziwa. Obambla, samaki wa kupasuliwa na kuanikwa, nimekula tangu sijaota meno yote. Nikaona hapa pana riziki, na kwamba la kujifunza halipo.

Kosa la kwanza nililifanya hata kabla ya chumvi. Nilinunua samaki jioni, nikakusudia kuwapasua asubuhi. Nikachukua bonge moja la barafu la kilo 10, nikaliweka chini ya kreti, samaki juu, gunia juu yao. Nilikuwa nikifikiri barafu "hutoa baridi", na baridi itapanda yenyewe kama moshi. Asubuhi wale wa chini walikuwa wagumu, macho maangavu. Wa juu walikuwa vuguvugu, matamvua yameanza kugeuka rangi ya kahawia. Nikajiambia chumvi itawasamehe.

Leo najua barafu haitoi kitu, inapokea. Ili kilo moja ya barafu iyeyuke ni lazima inyonye joto la kilojuli 334 hivi kutoka kwa chochote kilicho karibu nayo, na muda wote huo inabaki kwenye nyuzi 0. Joto hilo hilo lingeweza kuchukua kilo moja ya maji baridi kabisa na kuyafikisha nyuzi 80. Yaani kazi yote ya kupoza samaki inafanyika barafu inapoyeyuka, na yale maji yanayotiririka ndiyo yanayofika kwenye kila kona ya samaki. Kwa hiyo barafu hupondwa, hutandazwa chini, kati na juu, juu ndiko kuwe na nyingi zaidi, na kreti iwe na matundu maji yatoke. Kwa hesabu ya karatasi kilo moja inaweza kupoza kilo tatu hivi za samaki wa joto la Kisumu. Lakini kreti hupigwa jua na kufunguliwa kila saa, kwa hiyo wenye uzoefu huenda kilo kwa kilo. Mimi nilikuwa na kilo 10 kwa 60.

Asubuhi nikawapasua, nikatoa matumbo, nikakata vichwa. Hivyo vichwa nilimuuzia jirani mwenye kibanda cha kukaanga kwa 900, na hizo ndizo pesa pekee zilizorudi. Kisha chumvi. Nilinunua ile laini ya mezani, ya pakiti, kwa sababu dukani nilikotoka bado waliniuzia kwa bei ya jumla. Nikaipaka kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Baada ya saa mbili au tatu beseni lilikuwa na maji vidole viwili. Nilifurahi sana! Nikapiga picha nikamtumia binamu yangu. Maji yanatoka, nikasema, basi chumvi imeingia. Kesho yake asubuhi nikamwaga yale maji, nikaanika juu ya nailoni.

Siku ya pili juani ngozi ya nyama ilikuwa kavu na ngumu kama ubao. Ukigonga unasikia ko, ko. Siku ya tatu nzi wakawa wengi kuliko kawaida. Siku ya nne mwenye nyumba akabisha hodi.

Hata hivyo niliwapeleka Busia, maana matumaini ni ugonjwa. Mnunuzi alimchukua mmoja aliyeonekana mzuri kuliko wote, akamvunja kwa magoti. Karibu na uti wa mgongo nyama ilikuwa laini, nyekundu, na kulikuwa na funza. Hakunitukana. Alifuta mikono tu akaniuliza kama nina nauli ya kurudi.

Hesabu yenyewe: samaki 15,600, barafu 300, chumvi 500, nailoni na mabeseni 2,400, usafiri 1,200. Jumla 20,000. Toa vichwa, 900. Niliandika kwenye daftari nikalifunga, nikakaa siku tatu bila kutoka nje isipokuwa usiku, kwa aibu ya wapangaji. Mwenye nyumba alinipa onyo la maandishi.

Aliyenitoa humo ni mpwa wangu wa kidato cha kwanza, aliyekuja likizo ya Aprili na kazi ya nyumbani ya viazi. Alimenya viazi viwili, kimoja kibichi, kimoja amekichemsha, akavichimba shimo kama kikombe, akatia sukari shimoni, akavisimamisha kwenye sahani ya maji. Akaniambia nisiviguse. Jioni shimo la kiazi kibichi lilikuwa limejaa maji, ilhali hakuna aliyeyamimina. La kile kilichochemshwa halikuwa na maji ya kuzungumziwa.

"Shangazi, hiyo ndiyo osmosisi," akasema.

Nikamwambia sina haja na osmosisi, nina haja na 19,100. Lakini macho yangu hayakutoka kwenye lile shimo. Nilikuwa nimeona maji yale yale kwenye beseni langu.

Alinieleza kwa namna ambayo mwalimu wangu wa zamani hakuwahi kunieleza, au labda alieleza nami nilikuwa nikiwaza mengine. Kila kitu ni chembe, na chembe hazitulii. Katika kitu kigumu zinatikisika mahali pake, kama abiria waliobanwa kwenye matatu. Katika maji zinapishana, zinasukumana, zinateleza. Katika gesi zinaruka huru mpaka zigonge kitu. Hakuna anayezituma. Ukizisongamanisha upande mmoja, kwa kule kuhangaika kwake tu zitaishia kuenea upande wenye nafasi. Ndiyo difyusheni. Alitia kifuko cha majani ya chai kwenye glasi ya maji baridi na kingine kwenye maji moto, bila kukoroga. Ya moto ilikuwa chai kabla hatujamaliza kuongea, ya baridi ilikuwa na wingu la kahawia lililoning'inia chini.

Osmosisi ni habari ya maji hasa. Chembe hai (seli) ya kiazi, au ya samaki, imefungwa na utando unaoruhusu maji kupita lakini unaizuia sukari au chumvi. Chumvi ikikaa nje, maji ya ndani hutoka kuifuata. Kiazi kilichochemshwa utando wake umeharibika, hauchagui tena nani apite, ndiyo maana maji hayakupanda.

Hapo nikashika kichwa. Kwenye beseni langu kulikuwa na mambo mawili, nami niliyaona kama moja. Maji yalikuwa yakitoka, na hilo ni la haraka, saa chache tu unaliona kwa macho. Chumvi kuingia ni safari nyingine. Inaingia polepole, chembe kwa chembe, nyama inavyozidi kulegea na zile tando kuvunjika, na huwezi kuiona. Nilipomwaga maji na kuanika, nilikuwa nimekausha ganda la nje huku ndani, kwenye mfupa, chumvi haijawahi kufika. Ndani mlikuwa na nyama mbichi, yenye maji, yenye joto. Bakteria wangetaka nini zaidi?

Na ile chumvi laini ilizidisha kosa. Huyeyuka yote mara moja juu ya nyama, hunyonya maji ya juu kwa nguvu, nyama ya juu inakaza na kuwa kama ngozi ya ngoma. Baada ya hapo chumvi kuingia ni shida na maji kutoka ni shida.

Haya ya mwisho sikuyapata kwa mpwa wangu. Niliyapata kwa bibi mmoja wa upande wa Usenge, ambaye amepaka samaki chumvi tangu kabla sijazaliwa. Wote humwita Dani, nyanya. Nilimpelekea sukari na majani, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akauliza swali moja: "Ulimkata unene gani?"

Sikuwa nimepima. Mbuta mkubwa, nusu yake upande wa mgongo inaweza kuwa unene wa ngumi. Dani aliweka vidole viwili, akasema huyu ni wa kulala siku moja. Akaweka vinne, akasema huyu ni wa siku nne. Nikamrekebisha: si siku mbili, Dani? Unene umeongezeka mara mbili. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini. "Nyathina, mwanangu, chumvi haihesabu hivyo."

Na kweli haihesabu hivyo. Nilikuja kusoma kwamba mwaka 1855 mwanasayansi wa Ujerumani, Adolf Fick, aliweka chumvi chini na maji matamu juu, akapima jinsi chumvi inavyopanda. Katika kanuni aliyoitoa, muda hukua kwa mraba wa umbali: umbali mara mbili, muda mara nne. Mara tatu, muda mara tisa. Sababu ni kwamba chembe haiendi moja kwa moja kama boda boda. Inakwenda kama mlevi, hatua mbele, hatua kando, hatua nyuma. Dani hajawahi kumsikia Fick, lakini vidole vyake vina hesabu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya chumvi, kata. Vipande visizidi sentimita 2, na penye unene ambao hutaki kuutenganisha, chanja mistari ya kisu kwa kina mpaka karibu na ngozi, chumvi iingie humo. Uti wa mgongo utoe, au upasue nyama kandokando yake, maana hapo ndipo uozo unapoanzia. Chumvi iwe ya mawe, ile ya chengachenga inayochotwa kwenye gunia, nyingi yake ikitoka kwenye mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi. Inayeyuka taratibu, inaendelea kulisha samaki siku nzima. Kwa kila kilo 10 za samaki mimi hutumia kilo 3. Panga safu ya chumvi, safu ya samaki, nyama juu ngozi chini, na safu ya mwisho ngozi juu. Rundo liwe mahali maji yanapoweza kuchuruzika. Kila siku pangua, wa juu waende chini, kwa sababu wa chini ndio wanaokandamizwa na kupata chumvi zaidi.

Nikamuuliza Dani kama naweza kuharakisha kwa kuliweka rundo juani, kwa vile nilishaona chai ya moto inavyokimbia. Akasema ndiyo, itakimbia, na funza nao watakimbia. Chumvi hufanya kazi kivulini.

Samaki aliyeiva kwa chumvi hujulikana. Ukimbonyeza penye unene hurudi kama mpira mgumu, habonyei kama mkate. Ukimkata, rangi ni moja kutoka nje mpaka katikati. Ukiona katikati pana kivuli chenye kung'aa kama nyama mbichi, mrudishe kwenye rundo.

Mzigo wa pili ulikuwa kilo 50, safari hii nikinunua waliokwisha kutumbuliwa na kukatwa vichwa, kwa 280 kilo. Nilihamishia kazi kwa shangazi yangu karibu na Dunga, mbali na wapangaji. Nikatengeneza chanja ya mbao na wavu, kimo cha kiuno, upepo upite chini. Nailoni sitaki kuisikia tena: maji yanayotoka upande wa chini hayana pa kwenda, samaki anajilowesha mwenyewe.

Kuanika nako kuna chembe zake. Maji juu ya samaki hayahitaji kuchemka ili yaondoke. Chembe zile zenye kasi zaidi hujirusha hewani, na upepo ukizibeba, nyingine hufuata. Upepo ni muhimu kuliko jua kali. Hapa kwetu ziwa linatusaidia, kwani mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Kisha alasiri, wakati wa masika, mawingu yanajikusanya na radi inaanza, na unakimbia na turubai kama mwendawazimu. Nimekimbia sana.

Lakini mvua inaonekana. Kilichonishangaza ni alfajiri isiyo na mvua. Nililaza samaki nje usiku, wakavu, nikaamka nikawakuta wanang'aa kwa maji. Nikafikiri kuna mtu amenimwagia. Kumbe chumvi inakunywa maji ya hewani. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kulowa yenyewe, kama ile ya kopo la jikoni inavyoshikana madonge msimu wa mvua. Alfajiri za kando ya ziwa hupita hapo mara nyingi. Basi saa kumi na moja jioni nawaondoa kwenye chanja, nawabananisha rundo moja, nafunika, naweka mzigo juu. Kule kubanwa usiku kunasaidia hata maji ya katikati yasogee nje, na kesho jua likitoka unayachukua.

Mikono, jamani. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilipasuka, kila ufa ukawaka moto. Chumvi haijui kama wewe ni samaki au mwenye samaki. Nunua glovu za mpira kabla ya kununua kisu. Harufu iliyoganda mikononi huondolewa kwa ndimu, na sasa najua kwa nini. Sehemu kubwa yake ni gesi ya jamii ya amonia iitwayo trimethilamini, na asidi ya ndimu huigeuza kuwa aina ya chumvi isiyoruka hewani tena. Laiti ningejua kabla ya mwenye nyumba kubisha, ingawa ndimu za ua mzima ningezitoa wapi?

Kosa jingine ni dogo lakini liliniuma. Vipande vichache vya kula nyumbani nilivihifadhi stoo, kando ya dumu la mafuta ya taa lililofungwa. Baada ya wiki mbili ugali ulikuwa na ladha ya stovu. Kifuniko kilikuwa kimekaza, lakini mvuke wa mafuta hauhitaji mlango, unatosheka na ufa, na mafuta ya samaki huupokea na kuushikilia. Usiweke samaki mkavu na sabuni, rangi, petroli wala dawa ya panya chumba kimoja. Nao wanaonyunyizia dawa ya wadudu kwenye samaki ili nzi wasitue, hiyo dawa inaingia ndani kwa njia ile ile chumvi inayoingia, nayo haitoki kwa kuoshwa. Sitasema zaidi.

Mzigo wa pili ulitoka mzuri. Kilo 50 zilikuwa 38 baada ya chumvi na 29 baada ya jua. Nikauza kwa 420, nikapata 12,180, nikarudi nyumbani naimba. Usiku nikafungua daftari. Nilikuwa nimetumia 14,000 za samaki peke yake! Bei niliikubali kwa simu mapema, nikihesabu kilo 50, kana kwamba maji nayo yatapanda gari kwenda Busia. Kilo 21 zilikuwa zimetoka kwenye beseni na kupotelea hewani, na zote nilikuwa nimezilipia. Hilo lilinikera kuliko kuoza kwa wale wa kwanza, kwani safari hii nilikwisha kuelewa habari za chembe na bado hesabu ikanishinda. Pima samaki wako mwenyewe mara tatu, mbichi, baada ya chumvi, baada ya jua, ndipo upige simu.

Wanaonunua kwangu huuliza namna ya kupunguza chumvi kabla ya kupika. Ni njia ile ile kwa kinyumenyume. Loweka kwenye maji matamu, chumvi itatoka. Lakini ikishasawazika ndani na nje haitatoka zaidi, hata ulaze mpaka kesho. Badilisha maji mara tatu, yawe machache kila mara, utapata zaidi ya aliyejaza ndoo moja akaiacha. Wenye shinikizo la damu nawaambia wazi wasinunue.

Mzigo wa tatu ulikuwa mdogo, kilo 30, kwa sababu pesa zilizobaki na moyo vilikuwa vimepungua. Gharama zote 9,570. Safari hii nilikuwa nimemwambia mnunuzi bei ya mkavu, 650, akanung'unika kidogo akakubali. Nilifika Busia saa nne asubuhi. Akachagua mmoja, tena yule mnene kuliko wote, akamvunja kwa magoti kama mara ya kwanza. Akapitisha kidole palipokuwa na mfupa, akanusa, akamtupa kwenye rundo lake bila neno na kuvuta mizani. Ilisoma kilo 17 na nusu.